Haalikwi Mtu kwa Vukoman

Septemba 9
Desanka naye kaondoka. Amekuja kuaga na keki ya jozi, kama daktari anayekung'oa jino halafu akakupa peremende. "Shangazi Ljubinka, usinikasirikie," ananiambia, macho chini. Nikamwambia mimi sikasiriki, nimezoea: kila anayejifunza kazi mikononi mwangu huondoka wiki ileile anapoijua. Wote wanavuka reli kwenda Jengo Jeupe, kiwanda cha wale Waaustria wa viti vya magari. Siku ya kulifungua waziri alikuja akakata utepe akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Amepona nani? Mimi ni fundi mkuu wa karakana ya springi, na nimebaki na wazee, wagonjwa, na Tihomir.

Keki ilikuwa tamu. Sikumwambia.

Septemba 13
Mji mzima unachoma pilipili hoho za akiba ya baridi, moshi umeingia hadi kabatini. Tihomir kaomba siku mbili akamsaidie mkewe kumenya. Yeye ndiye anayeendesha mashine kubwa, kwa hiyo mashine nayo imekwenda kumenya pilipili. Vukoman, bosi wetu, kamruhusu, maana hata yeye kwake wanachoma.

Septemba 24
Leo Vukoman katuita wote uani. Amevaa koti la ngozi katika joto hili ili tujue kuna jambo. Vukoman alirithi karakana hii kwa baba yake, na kitu pekee alichoongeza mwenyewe ni ubao wenye jina lake.

"Jengo Jeupe wanatafuta springi za viti," akasema. "Mpaka sasa wanazileta kutoka kwao kwa malori. Wakizipenda zetu, tuna kazi ya miaka mitatu. Wasipozipenda, mwaka mpya nafunga mlango. Nimechoka kulisha madeni."

Zagorka, ambaye ameketi kwenye meza ya kuchambua springi tangu enzi za baba mtu, akauliza, "Unafunga kweli, bosi, au unafunga kama mwaka juzi?"

"Kweli, mama."

Watu wakacheka, lakini kidogo. Mimi sikucheka hata hicho kidogo. Nina miaka hamsini na saba. Mji huu una mahali pamoja tu ambapo mtu wa umri wangu anaitwa fundi mkuu, na hapo ndipo nilipokuwa nimesimama.

Oktoba 3
Mwaustria amekuja. Bwana Thalhammer, mrefu, mkavu, viatu vinang'aa kiasi cha kukuonyesha pua yako. Na nyuma yake, kavaa koti jeupe kama bibi daktari, nani? Desanka! Amekuwa mkaguzi wao, na mkalimani juu yake, kwa sababu amekulia Linz, hukohuko Austria, wazazi wake walipokuwa vibarua. Mwezi haujaisha tangu aondoke, karudi kutukagua. Nilitamani ile keki yake niitapike.

Mwaustria akachota springi kwenye sanduku, akazipanga mezani, akazipima moja moja. Katika kila tano, moja ilikuwa imepita kimo au imepungua. Akamuuliza Vukoman mbovu huwa tunazifanya nini.

"Mwambie tunachagua baadaye," Vukoman akasema, kwa madaha.

Desanka akatafsiri. Mwaustria akarudia kwa Kijerumani, polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba huku watu wanapika kwanza ndipo wanaosha nyama. Nikaona aibu, halafu nikaona hasira kwa sababu nimeona aibu mbele ya mtu yule.

Tumepewa hadi Desemba. Desanka atakuwa anakuja kutufundisha. Atufundishe! Nani alimfundisha yeye kushika waya?

Oktoba 8
Mvua. Desanka kaja. Nimemsalimia kwa kidevu.

Oktoba 14
Leo imekuwa vita. Mashine kubwa ikatoa springi iliyopinda, Desanka akanyoosha mkono akaizima. Kwetu mashine haizimwi. Mashine ikizimika mtu anapiga mluzi, na mwenye mashine anafanywa kichekesho mpaka jioni, maana mashine iliyosimama ni fundi aliyeshindwa. Basi mluzi ukapigwa.

"We binti, umechanganyikiwa?" Tihomir akawaka. "Umenizimia mashine mimi?"

"Imetoa mbovu, mjomba."

"Moja!"

"Na inayofuata je?"

"Inayofuata Zagorka ataichagua. Ndiyo kazi yake, aketi afanye nini? Afume soksi?"

"Na hizo soksi ningezifuma vizuri kuliko springi zako," Zagorka akajibu kutoka mezani.

Desanka hakupandisha sauti. Akasema kule Jengo Jeupe anayezima mashine kwa ajili ya mbovu ya kwanza anashukuriwa, anayeiacha iendelee ndiye anayeitwa ofisini. Tihomir akasema basi huko ni kwa wendawazimu, akaiwasha. Ikatoa mbovu. Desanka akaizima. Ikawa hivyo hadi saa ya kahawa, washa, zima, washa, zima, kama watoto wanaogombea taa ya chumbani.

Nilikuwa naweza kuamua ugomvi kwa neno moja. Sikusema kitu. Nilitaka nione nani atachoka, na kusema kweli nilitaka achoke Desanka.

Oktoba 15
Desanka hakuchoka.

Oktoba 23
Kumbe ugonjwa ni waya. Naandika hili na meno yamebana.

Vukoman hununua waya popote anapokuta rahisi: mzingo mmoja kwa huyu, mmoja kwa yule, mwingine kutoka kwenye mnada wa kiwanda kilichokufa. Kila mzingo una ugumu wake. Tihomir anautundika, anaunganisha, anaendelea kuvuta sigara, na mashine inaukunja waya mgumu kwa kipimo cha waya laini. Desanka ameleta riboni, kama za nywele za mtoto, akafunga kila mzingo kwa rangi ya mahali ulipotoka. Rangi ikibadilika, mashine inazimwa, inapimwa upya, ndipo inaendelea. Basi. Ndiyo elimu yote. Wala hakuna mtambo wa mamilioni, ni riboni.

"Hili jambo ulijifunza kwao?" nikamuuliza.

"Kwao nilijifunza kuzima," akasema. "Habari ya waya uliniambia wewe, shangazi. Mwaka wangu wa kwanza. Ulisema kila waya una tabia yake kama mkwe."

Ni kweli nilisema. Nilisema kwa miaka, nikisimulia kama kichekesho wakati wa kahawa, na sikufunga hata uzi. Ptu! Nyani haoni kundule.

Novemba 4
Ukungu. Mashine imezimwa mara kadhaa na hakuna aliyepiga mluzi. Nimeligundua hilo nikiwa nimeshafika nyumbani.

Novemba 11
Mbovu zimekuwa moja katika kila hamsini. Zagorka hana cha kuchagua. Amehamishiwa kwenye tanuri la kuimarishia springi, na anasema ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kupata joto mwezi wa Novemba. Tunamaliza kazi ya siku kabla ya saa nane mchana. Watu walewale, mashine zilezile, paa lilelile linalovuja! Ina maana muda wote ule tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunatengeneza takataka kwa bidii na kuzichambua kwa uangalifu.

Vukoman anazunguka mikono nyuma. "Mnaona?" anawaambia watu. "Nilisema tutaweza." Alisema lini? Debe tupu. Lakini leo amefanya jambo jipya: amepaka mlango rangi.

Novemba 21
Mwaustria kaja kwa ukaguzi wa pili. Akapima sanduku zima, akapata springi moja mbaya, akaishika juu kwenye mwanga, akatabasamu. Sikujua kwamba uso ule unaweza. Akanipa mkono, akasema kitu, na Desanka akatafsiri, "Anasema karakana hii ina mikono mizuri." Nilimjibu kwamba mikono ilikuwepo kabla yake. Desanka hakulitafsiri hilo. Ana akili, yule msichana.

Baadaye wanaume wawili wakajifungia ofisini muda mrefu, bila mkalimani. Vukoman ana Kijerumani cha maneno thelathini, nusu yake ni ya kuagizia bia. Wametoka wamechangamka. Uani Vukoman akampigapiga bega, akasema kwa sauti ili sote tusikie:

"Kwangu ni Mtakatifu Nikola! Tarehe kumi na tisa Desemba!"

"Anasema slava yake, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake, ni tarehe kumi na tisa," Desanka akaeleza.

"Hongera," Mwaustria akasema.

"Nikola!" Vukoman akarudia, akielekeza kidole upande wa nyumba yake. "Nyumbani! Kumi na tisa!"

"Hongera sana."

Vukoman akaridhika, ameshamaliza. Kwetu slava haina mwaliko. Unataja mtakatifu na tarehe, mwenye masikio anakuja. Kumwalika mtu ni kumtusi, ni kumwambia: najua wewe bila kuburutwa hujui heshima. Nilimtazama Mwaustria akiingia garini, nikajua hajaelewa kitu. Nikacheka kimoyomoyo.

Desemba 3
Theluji. Paa linavuja kwa baridi zaidi.

Desemba 16
Desanka kanifuata nyumbani, kavua viatu mlangoni, kaketi, kanywa kahawa. Mwaustria analalamika. Mji mzima anausikia unazungumzia karamu kwa Vukoman, na yeye hajapata hata kikaratasi. Anauliza amemkosea nini.

"Mwambie aende tu," nikasema.

"Nimemwambia, shangazi. Anasema mstaarabu haingii nyumba ya mtu bila kuitwa. Anasema labda Vukoman amebadili mawazo, na yeye hataki kujipendekeza."

"Na lile jambo la springi je?"

"Karatasi ziko tayari mezani kwake, hajaniruhusu kuzisoma. Anasema hawezi kuweka sahihi na mtu asiyemtaka mezani kwake. Tarehe ishirini na tatu anarudi kwao kwa Krismasi."

Nikamtazama. Amekonda. Nilikuwa nimejiapiza kwamba huyu ni msaliti, na sasa ndiye mtu pekee katika mji huu anayekosa usingizi kwa ajili ya karakana aliyoiacha. Nikamwongeza kahawa, nikatoa na jemu ya plamu. Tusiseme mengi.

Desemba 17
Nimekwenda kwa Vukoman. Nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto kwamba jiko linaunguza: kule kwao mtu anaalikwa, hana kosa, mpelekee neno.

"Nimwalike?" Akasimama kabisa. "Kwenye slava? Baba yangu atafufuka anitemee mate! Nimemtajia mtakatifu mara mbili, mbele ya watu. Ana masikio au ana mishikio ya sufuria?"

"Hajui, Vukoman."

"Ajifunze! Si tumejifunza sisi kuzima mashine? Sisi tufunge riboni, yeye ashindwe kuvuka barabara?"

Ubaya ni kwamba hapo alikuwa na hoja. Kwa mara ya kwanza msimu huu.

Desemba 19
Mtakatifu Nikola. Nusu ya mji inasherehekea, nusu nyingine inakula kwa nusu ya kwanza. Nimekwenda kwa Vukoman jioni, kama kila mwaka. Mshumaa, mkate wa slava, ngano tamu ya kijiko kimoja mlangoni, kambare na maharage ya tanuri, maana ni mfungo na nyama haigusiki. Na pembeni mwa Vukoman, kiti kitupu. Mkewe, Persida, kila mtu alipotaka kukikalia alimwambia, "Hapo hapana, jamani."

Kila gari lililopita Vukoman aligeuza shingo. Kwanza alifanya kisirisiri, baadaye hakujali. Watu wakaanza kukonyezana. Tihomir, mlevi wa glasi mbili, akaropoka, "Bosi, huyo mgeni wako ni Mtakatifu Nikola mwenyewe nini? Mbona haonekani?"

Vukoman akapiga meza hadi mshumaa ukayumba.

"Simpi kitu!" akanguruma. "Mmesikia? Simpi hata msumari! Karakana ya baba yangu itabaki palepale mpaka nife, hata ikinila nyumba, hata ikinila shati! Aende zake na karatasi zake!"

Watu wakapiga kelele, wakagonga glasi, "Ndivyo! Mwanaume huyo!" Sisi tuna neno letu, inat: kuchoma shamba lako ili moshi umwingie jirani machoni. Wengine wanatengeneza magari, wengine saa, sisi tunatengeneza inat, na hiyo haina hata moja mbovu. Nikawatazama wote, midomo inang'aa mafuta ya samaki, wakimshangilia mtu anayewafukuzisha kazi. Mabwege. Wiki zote zile, riboni zote zile, ziende kwa sababu ya kiti!

Nimerudi kwa miguu nikisonya njia nzima.

Desemba 20
Slava ina siku ya pili, ya waliochelewa. Na nyumba yenye mtakatifu haimfukuzi aliyevuka kizingiti, hata akiwa muuaji wa mbwa wako. Nimeamka nikiwa nimelijua hilo kama mtu aliyeota mahali alipoacha funguo.

Nikampitia Desanka, tukaenda wote Jengo Jeupe. Mlinzi akauliza nina miadi na nani. Nikamwambia, "Miadi na mama yako, Radiša, fungua." Mwaustria alikuwa anafunga faili zake. Nikamshika mkono wa koti. Desanka akapauka.

"Mwambie anaitwa," nikasema.

"Na nani, shangazi?"

"Na mimi. Mwambie mimi ndiye mwaliko. Avae kofia, kuna baridi."

Njiani nilimnunulia chupa ya divai aibebe, nikamfundisha amkumbatie Vukoman mara tatu na asitaje jana. Akaniuliza kwa mkalimani kama ana hakika ya kupokelewa. Nikamwambia kwa Vukoman hana hakika, kwa Mtakatifu Nikola anayo.

Persida ndiye aliyefungua. Alipomwona akajipangusa mikono, akaleta ngano na kijiko. Mwaustria akala, akafanya ishara ya msalaba kwa namna ya kwao, akavuka. Vukoman alikuwa ametokeza ukumbini na soksi za sufu. Nikaona uso wake ukipigana: inat inavuta huku, baba yake aliyekufa anavuta kule. Halafu akafungua mikono. "Umechelewa, ndugu," akasema. Wakabusiana mara tatu. Akamkalisha kwenye kile kiti. Nami, mjinga mkuu wa bonde zima la mto Morava, nililengwa na machozi.

Walikula, wakanywa. Saa ya kahawa Mwaustria akatoa karatasi kwenye mfuko wa ndani, Vukoman akaweka sahihi bila kusoma, akasimama na glasi.

"Ljubinka," akasema, "bila wewe nisingeuza. Naapa kwa mshumaa huu. Bei tulipatana tangu Novemba, lakini jana nilikata shauri: mtu asiyevuka kizingiti changu hapati karakana ya baba yangu. Mgeni simuuzii. Ndugu namuuzia."

"Unauza nini?" nikauliza.

"Karakana. Yote. Na bei nzuri! Ingekuwa kabla ya zile riboni zenu angenipa nusu."

Nilimgeukia Desanka. Alikuwa amekishika kikombe hewani. "Shangazi," akasema, "mimi nilijua ni springi. Naapa nilijua ni springi tu." Nikamwamini. Ni ajabu, katika chumba kile chote nilimwamini yeye peke yake.

Kumbe yale makelele ya jana usiku, yale niliyoyaita upumbavu, ndiyo yaliyokuwa yamesimama mlangoni yakiilinda karakana. Na mimi mwenye akili nikaja nikayasogeza kando, nikamwingiza mnunuzi kwa mkono wangu mwenyewe, kofia kichwani asipate baridi.

Desemba 21
Sikwenda kazini. Nimelala.

Desemba 23
Mwaustria amekuja kuaga kabla ya safari. Vukoman hakuja. Inasemekana anatafuta nyumba Ugiriki, karibu na bahari, mtu ambaye hajui kuogelea. Tulisimama uani kwenye theluji iliyokanyagwa, Desanka akatafsiri neno kwa neno, bila kuinua macho.

Mashine zitahamia Jengo Jeupe mwezi wa pili. Kila mmoja ana nafasi, hata Zagorka. Mshahara utapanda. Mimi nitakuwa msimamizi wa laini ya springi, chini ya kijana mmoja anayetoka Graz. Akasema katika karakana zote walizowahi kukagua, hakuna iliyopanda upesi kama hii, na ndiyo sababu wameona hasara kuiacha nje.

"Na hapa?" Zagorka akauliza. "Hapa petu patakuwa nini?"

Desanka akauliza, akasikiliza. "Maegesho. Ya malori."

Nikangoja. Nikajiambia sasa Tihomir atatukana, sasa Zagorka atatupa kilemba chini, sasa patatokea angalau mmoja wa kupiga mluzi. Kwa mara ya kwanza maishani nikaiombea inat ije, ile yetu ya upuuzi, ije itutoe aibu.

Tihomir ndiye aliyeanza kupiga makofi. Akafuata Zagorka, halafu wengine, na glavu zao nene, sauti kama ya mtu anayekung'uta zulia. Walikuwa wanacheka kwa nafuu. Mwaka mpya hawatakuwa mtaani. Niliwatazama mmoja mmoja, watu niliowafundisha kazi, nikatafuta neno la kuwadharau nalo, zito kuliko yote niliyoandika tangu Septemba.

Mwaustria akageukia upande wangu, akangoja.

Nikapiga makofi.